Nilivyohudhuria kwa Kalamu

Jumatatu, 3 Juni
Vipindi saba. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwenye kiti chenye msumari. Aliyepanga ratiba hii hana mgongo.

Nimevumilia hadi saa tano. Baada ya hapo kazi nimemwachia Kijiko, mwenzangu wa bwenini na darasani. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila kijiko mfukoni, huenda harufu ya chakula ikamkuta njiani. Yeye ananisainia karatasi ya mahudhurio, mimi namwachia nusu ya chakula changu cha jioni. Mwili umelala. Jina liko darasani, linasoma.

Jumanne, 4 Juni
Mdogo wangu kanikuta kantini saa saba, nina alama ya mto shavuni. Yuko mwaka wa kwanza, mimi wa pili, kozi moja: ukutubi na utunzaji wa kumbukumbu. Akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu nilikuwa natafakari. Akanikumbusha kwamba asiyefikisha robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anarudia mwaka. Nikirudia, Septemba tutakaa darasa moja.

Yule mtoto! Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Leo anyooshe mkono kabla yangu, mwalimu amsifu, mimi niko pembeni natazama? Nitakufa kwa aibu. Lazima nifanye mtihani huu.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu wa Kumbukumbu, tunayemwita Faili kwa kuwa hajatupa karatasi tangu azaliwe, katoa kazi ya vitendo. Kila mtu kapewa bunda la hati, achunguze wino, mwandiko na tarehe, kisha aandike kama ni halali. Wengine wamepata barua kuukuu za ofisi. Nikafungua langu.

Karatasi za mahudhurio za somo lake, muhula huu. Zote arobaini.

Nikamtazama Faili. Alikuwa anafuta ubao. Mjanja sana mtu yule.

Ijumaa, 7 Juni
Nimechunguza. Kati ya siku arobaini, nilikuwepo tisa. Thelathini na moja ni kazi ya Kijiko, na ni kazi mbovu. Saini moja inalala, nyingine imesimama wima, ya tatu ina doa la mchuzi. Siku moja kanisainia mara mbili, mstari wa sita na wa kumi na nne. Nimemuuliza kulikoni. Akasema siku hiyo nilimwachia sahani nzima, akaona si haki kusaini mara moja.

Jumamosi, 8 Juni
Mpango! Nimepata chupa mbili za wino mweupe wa kufutia makosa. Nimefuta saini zote za Kijiko, nikapuliza zikauke, nikasaini upya juu yake kwa kalamu moja. Kisha zile tisa zangu za kweli zikaonekana tofauti na nyingine. Nikazifuta nazo, kwa ajili ya ulinganifu. Sasa zote arobaini zimefanana kama sare za shule.

Saa nane mfululizo kwenye kiti. Sijawahi kukaa hivyo darasani. Ripoti nayo tayari: hati zote ni halali, na saini ya mwanafunzi mmoja hasa inaonyesha mtu mwenye msimamo.

Jumatatu, 10 Juni
Nimesoma ripoti mbele ya darasa, kwa sauti ya kutosha. Faili akaniomba, kwa adabu zote, niinue karatasi moja dirishani. Mwanga ukapita kila mahali isipokuwa kwenye mstari wangu. Akaniomba ya pili. Akaniomba ya tatu. Kijiko alikuwa anakagua kijiko chake.

Kumbe mzee wa watu hakujua lolote! Bunda lile, kasema mwenyewe, alinipa kwa sababu lilikuwa juu ya mengine. Ningeyarudisha makaratasi yake kama yalivyo, angenipa alama na kuyafungia kabatini. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Akauliza ni siku zipi nilihudhuria kweli. Nikasema tisa. Akataka nimwonyeshe saini za siku hizo. Sikuweza. Nilizifuta kwa ulinganifu.

Mahudhurio: sifuri. Kwa maandishi, somo lile sijawahi kulikanyaga. Mtihani sifanyi, mwaka narudia. Niliona aibu sana. Naandika kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Jumatano, 12 Juni
Nimempigia mama. Akaomba aongee na mdogo wangu.

Mdogo wangu hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema kozi hii aliichagua kwa sababu mimi niko mbele yake. Hilo sikulijua. Nikatazama viatu vyake. Kamba bado anazifunga nilivyomfundisha, mafundo mawili. Nikamwahidi Septemba nitakuwa mtu mpya. Akasema basi atanishikia kiti cha mbele.

Jumatatu, 2 Septemba
Mwaka wa pili, mara ya pili. Vipindi vinane! Wameongeza.

Mdogo wangu kachaguliwa kiongozi wa darasa. Ndiye anayeshika karatasi ya mahudhurio. Nimeitazama saini yake kwa makini: mwandiko wangu mtupu! Mama alitufundisha wote wawili kwenye meza moja. Miezi yote nilikuwa nahangaika na Kijiko, kumbe fundi yuko nyumbani. Tena huyu hadai chakula.

Saa tano nikamnong'oneza kwamba kichwa kinaniuma, na kwamba yeye ni ndugu yangu, anajua la kufanya. Akasema haya kaka, kapumzike, anajua la kufanya.

Nikiwa mlangoni niligeuka, nikamwona ameinamia mstari wangu, anaandika. Ameandika maneno mengi kidogo kwa saini moja, na mwisho akatazama saa ukutani, akaandika na muda wenyewe. Mtoto yule siku zote ni mwangalifu. Sasa nalala.