Glavu Niliyoivua kwa Meno

Jamani, nimeumbuka leo, tena si kidogo. Naandika nikiwa kitandani hospitali, dripu mkononi, baba yangu mzazi amekaa kwenye stuli ananimenyea chungwa. Kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine (na itawafikia, maana Elia wa kazini ameona kila kitu na mdomo wa Elia hauna breki), acha niwape mwenyewe.

Kwa msionijua, mimi ni Aika, daktari wa mifugo, bado mchanga kazini. Nipo kwenye shamba la farasi wanaopandwa na watalii, huku Hai, chini ya Machame. Bosi wangu ni Dokta Rehema, mama wa Kitanga, mpole wa sauti na mkali wa macho. Mgonjwa wetu ni farasi jike anayeitwa Madamu, kwa sababu anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua mstari. Madamu alichanika kano ya mguu wa mbele, ile kamba ya mwili inayofunga msuli kwenye mfupa. Farasi asiyeweza kukanyaga mguu hana maisha marefu, kwa hiyo tulikuwa hatuna mzaha.

Tiba yenyewe ni hivi. Unachoma sindano nene kwenye mfupa wa kidari, katikati ya miguu ya mbele, unavuta uboho. Unauzungusha kwenye mashine mpaka ubaki na zile seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani (kama mdogo wangu Joeli). Halafu unazichoma kwenye kano iliyochanika, zikasaidie kuiunga. Na leo, kwa mara ya kwanza, Dokta alisema uboho nitavuta mimi.

Nikampigia baba.

Baba ni mkulima wa kahawa na ndizi, mzee wa kanisa, na ana ng'ombe wawili wa maziwa ambao sina hakika kama anatupenda sisi kuwazidi. Alitaka niwe daktari wa watu. Nilipochagua wanyama alivumilia, akijua nitatibu ng'ombe. Nilipoangukia kwa farasi, swali lake likawa moja: huyo mnyama anatoa nini? Maziwa hatoi, nyama yake hatuli, shamba halimi. Nikamwambia anabeba watalii. Baba akasema hata pikipiki inabeba.

Hakuwahi kuja kuniona kazini. Sitajifanya shujaa, iliniuma. Nilichotaka leo ni kitu kimoja tu, aje asimame pale, aone kwamba mtoto aliyemsomesha kwa kahawa ana kazi ya maana. Akajibu ataangalia, ng'ombe wakishakatiwa majani.

Asubuhi tukaanza. Madamu hapendi sindano, akiiona tu anageuza makalio. Kwa hiyo kwanza anapakwa jeli chini ya ulimi, anaanza kusinzia akiwa amesimama, ndipo mengine yanafuata. Jeli hiyo haishikwi bila glavu. Kila mtu pale anajua. Imeandikwa kwenye boksi. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu, tena kwa ukali. Madamu akameza nyingi, iliyobaki akanirudishia kwenye vidole.

Nainua macho, baba huyu hapa kwenye uzio. Koti la kanisani, viatu vimepigwa rangi, mwavuli kwapani. Nilitaka kulia kwa furaha. Akapitisha mkono juu ya uzio anisalimie.

Sasa niambieni, nyie mliolelewa huku kwetu. Unampa baba yako mkono wenye glavu? Unapiga goti nusu, unashusha macho, halafu unamshikisha mpira? Haiwezekani. Na mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kamba ya Madamu. Basi nikauma ncha za vidole vya glavu, nikaivuta kwa meno, nikaitema chini, nikampa baba mkono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kumbe farasi ni wakubwa hivi."

Akarudi nyuma hatua moja, akasema yeye atatazamia hapo hapo nje. Mimi mdomoni nikasikia uchungu fulani. Nikameza. (Ndiyo, nilimeza. Nina shahada.)

Elia, mtunzaji wa Madamu, akashika kamba. Nikanyoa manyoya ya kidarini, nikaosha, nikaosha tena. Dokta akachoma ganzi. Muda wote huo namweleza baba kwa sauti kubwa, hatua kwa hatua, uboho ni nini, mashine inafanya nini, mpaka habari za Joeli nikamwambia. Baba alikuwa ameegemea mwavuli, anatazama mbali kidogo, na mimi nikazidi kupaza sauti.

Kichwa cha Madamu kikaanza kushuka. Mdomo wa chini ukaning'inia kama mfuko mtupu. Nikawa nacheka moyoni, nikisema mwone mwenzetu. Wakati huo huo mimi nilianza kujisikia vizuri. Vizuri mno. Nilimwangalia Elia nikaona ana masikio mazuri sana. Nikamwambia. Dokta akaniuliza kama niko sawa, nikasema niko sawa, kwa sauti iliyotoka mbali. Akadhani ni woga wa kuangaliwa na mzazi.

Nikavaa glavu mpya, nikapiga magoti ubavuni. Nikasukuma sindano, nikaizungusha kidogo kidogo mpaka ikashika mfupa. Nikavuta. Uboho ukaja, mwekundu, mzito, una chembe za mafuta zinazong'aa. Nikajaza bomba la kwanza na la pili. Sikumwaga tone, na hili hata Dokta atalithibitisha. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

Halafu nikayaona majani ya kulalia farasi. Yalikuwa makavu, laini, yananiita. Nikajilaza. Naomba ieleweke kwamba sikuanguka, nilijilaza. Katikati ya miguu ya mbele ya Madamu, mkono chini ya shavu.

Yanayofuata nimesimuliwa. Elia aliacha kamba akanivuta kwa mabuti. Buti la kwanza likatoka peke yake, likafichua soksi yenye tundu, na kidole gumba kikasalimia umma. Akavuta miguu yenyewe. Baba akaruka uzio. Baba yangu, mwenye magoti yanayomsumbua kila masika, aliruka uzio na mwavuli wake, akidhani nimekufa. Dokta akamwambia mtoto yuko hai, shika farasi. Akashika. Madamu, ambaye hakuwa na habari na dunia, akamwekea kichwa chote begani na kuendelea kulala, udenda ukimiminika kwenye koti la kanisani. Baba hakusogea. Elia anasema alikuwa akimbembeleza kwa Kimachame, taratibu, kama anavyosema na ng'ombe wake wakati wa kukamua.

Dokta akanifunua jicho, akanishika mapigo, akakunja uso. Akaniuliza nimekula nini.

"Glavu," nikasema.

Akaelewa hapo hapo, maana ile glavu ilikuwa bado chini, ina alama za meno. Akauliza, kwa upole wake ule wa kutisha, ni kwa nini mtu mwenye akili zake avue glavu ya dawa kwa mdomo.

"Baba alinipa mkono."

Elia anasema hapo hakuna aliyecheka. Baba aliinamisha uso nyuma ya shingo ya Madamu, kisha akajifuta kwa mkono wa koti, ule uliokuwa mkavu.

Dokta akabaki na Madamu. Elia akatupakia kwenye gari, baba kaniegemeza kifuani, tukaletwa Moshi mjini. Mapokezi palikuwa pamejaa. Nesi akauliza nimekunywa nini. Baba akajibu kwa sauti yake ya kusoma matangazo ya ibada, ile inayofika benchi la mwisho.

"Dawa ya usingizi ya farasi."

Benchi zima likageuka. Palikuwa na mama mmoja ameshika mtoto, akamsogeza upande wa pili. Nesi akauliza imefikaje mdomoni, nami nikatamani sakafu ifunguke. Baba akaweka mwavuli chini.

"Ngoja nikueleze vizuri, binti yangu. Farasi akichanika kano, unachukua uboho kwenye kidari."

Akaeleza yote. Sindano, jinsi inavyozungushwa, mashine, seli shina. Mpaka Joeli alimtaja. Hakuruka hata hatua moja, na mimi nilidhani alikuwa anatazama milima. Watu waliacha kuangalia simu zao wakawa wanamsikiliza. Alipomaliza akaninyooshea kidole.

"Na aliyeuvuta ni huyu. Wangu."

Nesi akanigeukia, akauliza kama ni kweli. Nikakaa vizuri ili niitike kwa heshima ya kitaaluma. Udenda ukanitangulia.

Nitalala hapa, wanaangalia moyo. Dokta amepiga simu, uboho ulitosha, seli zimeshaingia kwenye kano, na Madamu ameamka anadai chakula. Baba aliniomba simu ili yeye mwenyewe amuulize Dokta siku ya kuupima mguu. Anataka kuwepo. Koti lake linakauka dirishani na linanuka zizi, na amemkataza Elia asilipeleke kwa dobi.

Kwa hiyo cheka, kama baba yako amewahi kulowa udenda wa farasi kwa ajili yako. Wengine wote naomba mkae kimya.