Jina la Kumzuga Wifi

Jumatatu, 5 Mei

Annelie. Bado nalisikia. Kiangazi kilichopita, kando ya ziwa, mama mmoja alikuwa akimwita binti yake atoke majini. A-nne-liii. Mwisho wa jina akauvuta mpaka ukafika ng'ambo. Mtoto hakutoka. Niliyesimama ni mimi. Sikuwa hata na mimba, lakini nilijua: binti yangu ameshaitwa.

Tatizo: Wiebke, wifi yangu, alikuwa amelala kando yangu akijipaka mafuta ya jua. Naye aliinua kichwa. Niliona!

Sasa sote wawili tuna mimba, zote za wasichana. Mimi wakati wowote, yeye mwezi ujao. Kwetu jina halitajwi mpaka mtoto azaliwe. Kila mtu anajua hivyo na kila mtu anachokonoa. Leo Wiebke kanichokonoa kabla kahawa haijapoa. Ati wifi, nipe hata herufi ya kwanza, kwani mimi mwizi? Mwizi ndivyo anavyosema.

Jumanne, 6 Mei

Sina usingizi ila nina mpango. Nitatoa jina la uongo. Jina baya, la vikongwe, ambalo hakuna mwanamke wa rika letu atakayeligusa. Waltraud! Linasikika kama kabati linalosukumwa sakafuni. Litaniponyoka mezani. Wote watashtuka, Wiebke atanionea huruma na kuacha kuchimba. Nikishajifungua, Annelie litawashukia kama nafuu.

Malte kauliza kwa nini nisinyamaze tu kama watu wengine. Mume wangu hujenga madaraja. Akili yake inakwenda moja kwa moja.

Alhamisi, 8 Mei

Chakula cha asparagasi, mboga ya msimu huu, kwa mama mkwe. Nilisubiri bakuli la viazi lizunguke, nikashika tumbo, nikasema aa, Waltraud leo ana mateke. Kisha nikajiziba mdomo kwa mkono, kama nilivyojizoeza kwenye kioo.

Mama mkwe akaweka uma chini. Akaanza kulia.

Kumbe alikuwa na mdogo wake. Waltraud. Alikufa kwa dondakoo akiwa na miaka mitano, na mama yao akapiga marufuku jina lile kutamkwa. Zaidi ya miaka sitini halijasikika nyumbani humo, mpaka leo, kutoka kinywani mwangu, kwa ajili ya hila. Mama mkwe akanikumbatia na tumbo langu. Mwanangu, nani amekwambia? Nikajibu hakuna, nimelihisi tu.

Nimelihisi tu! Kwa nini mtu kama mimi aliruhusiwa kusoma falsafa?

Garini Malte akakiri kwamba aliwahi kusikia habari hiyo utotoni. Alisahau. Alisahau!

Jumamosi, 10 Mei

Nimemtuma Malte akamwambie mama yake ukweli. Karudi na nusu ya keki ya stroberi. Ati alimkuta mama juu ya ngazi, anashusha kitanda cha mtoto kutoka darini, na kofia ya sufu aliyoivaa marehemu. Ati ningemwona uso wake nisingeweza kumwambia. Mimi najua nisingeweza. Ndiyo maana nilikutuma wewe!

Keki nimeila yote.

Jumapili, 11 Mei

Mpango mwingine. Nimpakulie Wiebke jina hilo. Yeye ni binti wa kuzaa, Waltraud ni mama yake mdogo, haki ni yake. Nikampigia simu. Nikamwambia kwa unyenyekevu mkubwa kwamba niko tayari kujitoa.

Alicheka mpaka akashikwa na kiungulia. Ati wifi, thubutu, umelidaka, lishikilie hivyohivyo. Kumbe tangu siku ya kwanza ya mimba alikuwa akiomba mama asije akamwomba yeye alitumie jina hilo. Umeniokoa, akasema, wewe ni malaika. Na kwa kuwa sasa hatuna cha kugombania, akaninong'oneza lake.

Annelie. Alilisikia kule ziwani. Unamkumbuka yule mama?

Nikasema sikumbuki. Nikasema jina zuri. Kisha nikaenda kukaa ukingoni mwa bafu mpaka Malte akaja kugonga.

Jumatano, 14 Mei

Amezaliwa. Mzima, mwekundu, ana hasira. Nami ndiye niliyetangulia! Ofisi ya vizazi haiulizi nani alinong'ona kwanza. Nikaamua: mama mkwe akija, namwambia mwenyewe, mara moja, bila kuzunguka.

Akaja. Akamchukua mtoto. Akageuka kuutazama mlango, bibi wa miaka sabini na mbili, kama anayeogopa mama yake asije akamsikia. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndipo akasema polepole, Waltraud. Akatazama tena mlango. Akarudia kwa sauti.

Nikageukia ukutani, nikasema nimechoka.

Ijumaa, 16 Mei

Nyumbani. Wanaume wa mtaa wamejaa bustanini wakinywa bia ili mtoto akojoe vizuri, kama ilivyo desturi. Kwa kiasi alichokunywa Malte, mtoto hatapata shida ya mkojo mpaka aolewe. Mzee Osterkamp, jirani yetu seremala, kaleta korongo wa mbao, ndege ambaye kwetu husemekana ndiye aletaye watoto, na kumsimika mbele ya nyumba. Herufi za waridi, zinasomeka kutoka kituo cha basi: WALTRAUD. Kasema amefurahi, maana korongo wake alishachoka kubeba majina ya siku hizi, kina Mia na kina Emma.

Vikongwe wanapita wanapiga makofi. Msichana mmoja wa rika langu alisimama, akasoma, akanitazama dirishani kwa huruma. Huruma ile ile niliyoipangia Wiebke.

Malte kapendekeza Annelie liwe jina la pili. La pili! Halafu Wiebke aseme nimemwibia na wala silitumii?

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda ofisi ya vizazi. Karani kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Waltraud, basi. Nikatia sahihi. Nje nikalia kwenye benchi, mtoto akanitazama kwa utulivu wa mtu mzima. Pengine litamkaa. Pengine atanichukia. Mama mkwe alinisubiri na gari, akamwimbia njia nzima.

Nimetafakari sana kosa langu. Nilichelewa, na jina la kuzugia sikulichagua vizuri. Mtoto wa pili nimeshampatia jina, zuri kuliko Annelie, wala silitaji hata humu. Safari hii sitasubiri watu waanze kuchokonoa. Nimetafuta jina baya kabisa ambalo haiwezekani mtu alipende, na jioni hii nimeshampigia simu mama mkwe nikamwambia kwamba wa pili, akiwa msichana, ataitwa Hedwig.