Historia ya Klabu Yetu, Kama Nilivyoiandika Mimi

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Klabu yetu ya mpira, ya wanafunzi wa zamani, inatimiza miaka ishirini Jumapili. Rais wetu Gaston kanipa mimi, katibu, kazi ya kuandika historia yake. Ukurasa mmoja. Nani mwingine Kamina ana mwandiko kama wangu?

Shida ni moja. Klabu ilianzishwa na Mwanza, mwenzangu wa dawati moja. Yeye ndiye aliyeshona mpira wa kwanza na kutukusanya nyuma ya karakana ya reli. Mimi nilifika wiki ya pili, nikapewa kazi ya kushika nguo. Lakini Mwanza sasa anauza samaki wakavu Kinkondja, mwaka wa tatu huu hajaniandikia barua. Kalamu ninayo mimi. Nimejiandika: mwanzilishi, Amédée Kitenge.

Jumanne, 3 Agosti
Dhamiri inanisumbua. Kumfuta mtu kabisa si vizuri. Nimempa Mwanza mstari mmoja, tena kwa Kifaransa. Uwanjani tulimwita Moto, maana mashuti yake yaliunguza viganja vya makipa. Kamusi inasema moto ni feu. Basi: «Feu Mwanza, avant-centre», yaani Moto Mwanza, mshambuliaji wa kati. Mstari mzuri kuliko yote! Clotilde, mke wangu, ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Hajui Kifaransa, maskini.

Jioni karatasi zimepigwa chapa na kugawiwa mji mzima.

Alhamisi, 5 Agosti
Msiba. Mwanza amekufa.

Tangu jana wanalia kwa Mama Élisa, mama yake mzazi. Sikuuliza habari imeletwa na nani. Penye kilio mtu huketi chini na kulia. Mama yuko kwenye mkeka, hali, hanywi, anaita jina la mwanawe tu. Nimelia mpaka Clotilde akanishika mkono.

Mwaka 1937 Mwanza aliniachia penalti ili na mimi nitajwe. Niliipiga juu kabisa. Aliwaambia wote kwamba ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Ijumaa, 6 Agosti
Asubuhi nimesahihisha historia: mwanzilishi, Mwanza. Kisha nimesimama mbele ya waombolezaji na kukiri kwamba mimi nilishika nguo tu. Wazee wametikisa vichwa kwa huruma. Moyo ulikuwa mwepesi.

Ndipo nikamuuliza katekista Ézéchiel habari ya kifo ilitoka wapi. Akanitazama sana, akatoa karatasi yangu mfukoni.

«Weye mwenyewe njo uliandika», akasema, kidole kwenye mstari wa Mwanza.

Nikamuuliza, kama mwalimu anayempima mwanafunzi, maana ya feu. Akajibu kwamba peke yake ni moto, ila mbele ya jina la mtu ni marehemu. Ndivyo alivyomsomea mama.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilisema nina homa, nikaenda zangu. Lakini nina mpango. Mimi ni karani wa stesheni. Kesho nitapeleka simu ya maandishi, kana kwamba imetoka Kinkondja: Mwanza aliugua tu, amepona. Mama atakula, na hakuna atakayenicheka.

Jumamosi, 7 Agosti
Nimeiandika simu mara tatu ili ipendeze. Nimefika nayo saa nne. Mama Élisa alikuwa amekata roho alfajiri. Mwili ulikuwa wa kizee, na siku tatu hata maji alikataa. Simu imebaki mfukoni.

Saa tisa treni ya Bukama imeingia. Mwanza akashuka, suti mpya, kapu la samaki mkononi. Amekuja kwenye sherehe. Wanawake wa sokoni walikimbia. Mimi nilimkumbatia. Akauliza mbona wanakimbia. Nilimwambia mama yake amefariki. Akauliza kwa ugonjwa gani. Nilimwambia sijui.

Jumatatu, 9 Agosti
Tulimzika jana. Sherehe haikufanyika. Ézéchiel ameonyesha karatasi, na Mwanza sasa anajua yote.

Amekuja kwangu leo. Nilimpa kiti, hakukaa. Nilingoja ngumi, ningeipokea. Alisema kwamba mama alimlilia yeye siku tatu, naye alikuwa ndani ya boti, njiani kuja kwenye sherehe, akiimba. Kisha sauti ikawa ndogo.

«Toa jina yangu mu ile karatasi», akasema. «Yote».

Akaondoka kuwahi treni. Nimelia sana, na hapa nasema kweli: sikupata kuwa na rafiki mwingine kama yule.

Lakini ombi la mfiwa halikataliwi. Nimeketi mezani na kumfuta Mwanza, chini na juu. Juu pamebaki pengo. Klabu haiwezi kukaa bila mwanzilishi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Nimeandika jina langu.