Herufi ya Baba Koki

Jumatatu, 3 Machi

Koki ametoka sasa hivi kulipungia jengo mkono. Tulikuwa huku mtaani Umoja, juu paani, tukianua nguo. Maandishi mekundu ya benki yakawaka kule mjini, naye akasema, "Baba, bai!" Anajua babake ndiye fundi wa yale maandishi. Lakini herufi ya mwisho haikuwaka. Herufi ikizima, ni Baba Koki anayening'inia nje ya ghorofa ya ishirini kuirekebisha.

Nimemuuliza. Ndiyo, anapanda Jumatano. Aki Mungu!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili! Bila mkanda wa usalama, fundi haruhusiwi kupanda. Nimeuficha kwenye beseni, chini ya nepi chafu. Mwanamume gani atagusa hapo?

Anyango, jirani wangu, anasema tangu niolewe na mtu wa juu nimekonda kama waya. Mume wake, Ochola, ni soja, mlinzi wa geti. Akianguka ni kutoka kwenye kiti. Namwonea wivu mpaka naumwa.

Jumatano, 5 Machi

Baba Koki ametafuta mkanda kila mahali. Beseni hakugusa. Akatoka. Nikaimba! Nikapanda paani kuanika nepi.

Kamba ya nguo haipo. Imekatwa huku na huku.

Ameenda kujifunga kamba ile! Imeungwa mara ngapi, jua limeila, juzi ilishindwa na blanketi. Na mume wangu si blanketi.

Koki mgongoni, mkanda kwenye kiondo, gari mpaka stendi ya Muthurwa, kutoka hapo mbio. Nilimwambia Mungu anichukue mimi badala yake, ila amwachie Koki mama. Kufika, soja wa jengo la benki akasema hapa hawanunui mitumba. Nikatazama juu. Herufi iko. Mtu hayuko. Nikaogopa kutazama chini.

"Baba!" Koki akapiga kelele.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi, anakula mandazi. Bosi alikuwa ameiona kamba, akacheka, akamkataza kupanda.

Kumbe mpango ulikuwa umefaulu! Ningenyamaza tu. Lakini mkanda ulikuwa tayari mkononi mwangu, na bosi anautazama. Akanishukuru sana, eti nimeokoa kazi. Akamwambia Baba Koki, "Haya, panda."

Alipanda nikiona. Nilimkumbatia Koki mpaka akalia. Alipokanyaga chini nilimpiga kifuani, kisha nikamlowesha shati lote kwa machozi. Aliniambia hana mke mwingine kama mimi.

Jioni herufi iliwaka. Anyango aliuliza kamba yake iko wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho ni maandishi ya kampuni ya bima. Jengo refu zaidi! Sijalala. Lakini kosa langu nimeliona: ni mkanda, maana kamba hushika nafasi yake. Ningeficha buti. Kwa hivyo buti ziko ndani ya sufuria kubwa ya kupikia githeri, ile haiguswi mpaka Krismasi. Safari hii hakuna mtu atakaye

Baba Koki ananiita. Anyango yuko mlangoni, amepata wageni, anaomba aazimwe ile sufuria kub