Mita Kumi na Moja za Mlima wa Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Puu! Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu jana. Ni treni yangu ikianguka, ndani ya kompyuta, mbele ya binamu yangu. Akauliza, dada, hii ni treni au ndege?

Ninaijenga upya, kwenye mchezo wa kuendesha treni, njia ya mlimani ambayo Mjomba aliendeshea treni kwa miaka thelathini kabla haijafungwa. Kosa langu ni hamu. Nilitandika reli kutoka kituo cha kwanza, kisha, bila kumaliza, nikatandika kutoka kituo cha mwisho. Zikakutana kileleni. Karibu zikutane. Ya pili iko chini ya ya kwanza kwa mita kumi na moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshika ncha ya reli ya pili, nikaivuta juu. Zimeungana! Kisha nikasoma mwinuko: mita nane kwa kila mia. Treni halisi huanza kulalamika kwenye mbili. Dawa naijua: kuanza kupanda mbali zaidi, kidogo kidogo, nikirekebisha kimo nukta kwa nukta. Wiki mbili hizo! Jumamosi Mjomba anaendesha njia yangu, kisha ya binamu, maana naye amejenga yake. Atakayoipenda ndiyo atakayowaonyesha wazee wenzake wa reli.

Ya binamu ni tambarare kama ubao wa kupigia pasi. Anaringa kwamba treni zake zote hufika.

Alhamisi, 6 Machi

Nilianzia kituo cha mwisho, nikapanda. Magurudumu yakazunguka palepale kama feni. Basi nikakiongezea kichwa cha treni uzito mara tatu ili kibane reli. Kikapanda kama mbuzi! Nikacheza peke yangu chumbani. Mama akachungulia, akauliza kama nimepata kazi. Nikasema karibu.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba alikuja na kofia yake ya kazi. Alipanda akipiga honi kwenye kila kona aliyoikumbuka. Machozi yakanilenga. Kileleni akapiga honi ndefu kuliko zote.

Kisha tukaanza kushuka. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba upande huu niliujaribu kwa kupanda tu. Kichwa chenye uzito wa vichwa vitatu hakisikii breki.

"Mwanangu," akasema Mjomba, mtulivu kabisa, "hii breki uliifunga au uliichora?"

Tulipita kituo cha mwisho kwa kasi ya kilomita mia na themanini kwa saa. Tukasimama kilomita tatu mbele, kwenye mahindi. Binamu alikuwa sakafuni, hoi kwa kicheko. Mjomba naye alicheka hadi kofia ikamdondoka, akasema turudie. Tukarudia mara tano! Ya binamu aliiendesha mara moja, akapiga miayo mitatu. Niliihesabu.

Lakini wazee, akasema, hawataiona yangu mpaka treni isimame kituoni. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu: anza kupanda mbali, punguza mwinuko, wiki mbili si nyingi, wazee watasubiri.

Jumapili, 9 Machi

Mjomba ana busara. Nimefuata neno lake: treni isimame kituoni. Nimekihamisha kituo. Jukwaa, saa, mabenchi na abiria wote sasa wako katikati ya mahindi, pale treni inapochoka yenyewe. Wazee nimeshawatumia njia yangu.