Cheti cha Funza

Profesa hakuwahi kufundisha popote, ila alikuwa na miwani na koti, na mjini hiyo ni nusu ya elimu. Asubuhi hiyo alikuwa akisaka magunia manane ya mboji. Mwenye bustani ya miche pale njia panda alikuwa amemwahidi kwamba akiyaleta kabla ya alasiri, atapewa kiti kivulini awe msimamizi. Profesa alikuwa amemwambia ana shamba. Shamba lenyewe lilikuwa mdomoni.

Ndipo akamsikia muuguzi mstaafu akinung'unika nyuma ya ua wake. Rundo lake la mboji lilijaa inzi na funza, majirani wameshamshtaki, na bwana afya yuko njiani. Profesa akachungulia. Juu uozo mtupu. Chini, mboji nyeusi iliyoiva sawasawa.

"Shikamoo mama. Hao si funza wa kawaida."

"Marahaba. Ni wa namna gani, baba?"

"Wauaji. Wakimaliza maganda, wanahamia ndani ya nyumba."

Mama akashika kifua. Profesa akatoa karatasi, akaandika cheti kwamba mboji hii ni hatari kwa viumbe, akajisaini "Daktari", akakigonga muhuri aliouchonga kwenye kandambili.

"Nitaiondoa yote, mama. Bure. Ni sadaka."

"Mungu akubariki. Basi geuza rundo lote, mayai yasibaki chini. Uchafu mbichi uzike katikati, kisha funika kwa majani makavu, inzi wasiuone."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Profesa aliinama kuanzia saa tatu hadi saa saba. Magunia manane yakajaa. Rundo lililobaki likatulia chini ya majani yake, halina inzi hata wa dawa.

Bwana afya akaingia akisukuma baiskeli. Mama akampa cheti. Akakisoma mara mbili, uso mkavu, akamgeukia Profesa.

"Daktari, umethibitisha mwenyewe?"

Kukana ni kuukana muhuri. "Mwenyewe."

"Basi haivuki lango hili. Ifukiwe hapa hapa, na aliyethibitisha ndiye afukie."

"Pale kwenye matuta yangu ya nyanya," mama alisema. "Usiende chini sana, baba. Funza wasije wakakosa hewa."

Profesa akamkodolea macho. Miaka thelathini wodini ilikuwa imemfundisha mama kutocheka mbele ya mgonjwa.

Alifika njia panda alasiri imeshapita, mikono mitupu. Alitafuta uongo, akakuta umeisha. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, naye hakuizoea.

Mwenye bustani akamshika viganja, akatazama malengelenge na kucha nyeusi.

"Kumbe shamba unalo kweli! Mimi nilidhani tapeli."

"Na kiti?"

"Kiti nimeshampa mtu. Tapeli ningemweka kivulini, lakini mkulima hasa nimpoteze kwenye kiti?" Akamkabidhi sepetu.