Studio Yangu Imevaliwa Harusini

Nyamianda, Uvira

Kwa Shangazi Consolée,
chumba cha pili, nyumba hii hii

Shangazi wangu mheshimiwa,

Najua tumeamkiana leo asubuhi kwenye uji, lakini jambo hili ni zito, linahitaji maandishi. Ninalalamika rasmi juu ya matumizi mabaya ya kabati lako.

Unajua vema kwamba podikasti yangu haina studio. Ina simu yenye kioo kilichopasuka, kipaza sauti nilichokivika soksi, na kabati hilo. Nikijifungia humo katikati ya vikwembe vyako, vitenge vyote vya sherehe, sauti yangu hutoka nzito kama ya mtangazaji wa Kinshasa. Unajua pia kwamba mkurugenzi wa redio ya hapa mjini ameniahidi saa nzima kila Jumapili, mradi nimpelekee vipindi sita visivyo na mwangwi kabla mwezi haujaisha. Ninavyo vinne. Wewe hata hivyo umeendelea kuvaa nguo zako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa harusi moja tu ya kule Sange uliondoa vikwembe vitatu: cha kanisani, cha ukumbini, na cha tatu eti mvua ikinyesha. Tuko kiangazi, shangazi. Kipindi cha siku hiyo kinasikika kama nilikuwa ndani ya pipa.

2. Kilio cha mzee Bruno. Marehemu nilimlilia kama wengine. Lakini je, ilikuwa lazima uwaazime wenzako wote waliokosa nguo ya heshima? Ukuta wangu wa kushoto uliondoka mzima. Mama Bénédicte hajarudisha mpaka leo. Jana nimemwona ameubebea mtoto mgongoni.

3. Unafungua mlango wakati wa kazi. Nilikuwa nikiwafundisha wasikilizaji wangu (sasa ni kumi na tisa, watatu wako Bujumbura) namna ya kuwaheshimu wakubwa, ukachungulia na kuuliza: "Weye Ndayisenga, unasemaka na nani mu kabati?" Swali hilo limo kipindini, na ndilo lililopendwa kuliko yote niliyosema. Limeniuma sana.

4. Dawa ya mende unayoinyunyiza kabatini. Mwalimu Sévère, mgeni wangu wa kwanza, alipiga chafya mara kumi na moja tukizungumzia mpunga.

Kwa unyenyekevu basi naomba usihudhurie sherehe yoyote hadi mwezi uishe. Wakiuliza, sema mgongo. Na kwa kuwa kosa si lako peke yako, nimemwandikia shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, asimamishe ndoa zote za Nyamianda. Wanaopendana kweli watangoja. Wagonjwa mahututi nao wajikaze kidogo. Faida ni yao: nikishapata saa yangu ya Jumapili, vifo vyao vitatangazwa kwa sauti safi. Ikibidi kabisa utoke, jifunge shuka. Utu si nguo, na mtu wa umri wako hana wa kumpendezea.

Ukikataa nitahamia kwenye kabati la jirani, na aibu itakuwa ya ukoo mzima.

Nisalimie wote wa nyumbani, yaani wewe na kuku. Wasalimie pia wenzako wa kilio, na uwakumbushe kurudisha kuta.

Mimi mwanao mtiifu,
Ndayisenga
Mwanzilishi, Mhariri Mkuu na Fundi Mitambo

N.B. Nilikuwa nakunja barua hii, mshenga wetu Franck akaingia na jibu la posa yangu kutoka kwa baba yake Amandine. Wamekubali, shangazi! Wanatungoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi tupeleke mahari, na ukoo wao utakuwepo wote. Sisi ni wachache, na mama hayupo. Ni wewe utakayeingia mbele yangu. Naogopa wasije wakaniona mtu asiye na watu. Tafadhali toa vikwembe vyote, waite akina mama wa mtaa mzima uwavishe, kabati libaki mbao tupu. Mkurugenzi akija kuulizia vipindi vyake, mwambie studio imekwenda kuoa.